Simba wa Kijiko na Simba wa Shilingi
Mhadhara wa wazi uliotolewa Gehandu

Nimeombwa kuzungumza juu ya chapa za masonara wa Uingereza, zile alama ndogo zilizogongwa kwenye vijiko, vikombe na sahani za fedha za zamani. Huenda mtu akauliza habari hiyo inatuhusu nini sisi tunaokaa kati ya mlima Hanang na nyanda za Mbulu. Inatuhusu. Katika nchi hii hakuna asiyejua habari za watu wanaozunguka vijijini wakiulizia rupia za Mjerumani na vyombo vya kale, wakiahidi mamilioni. Wapo waliouza ng'ombe ili wapate kuingia katika biashara hiyo, na wapo waliotoa urithi wa bibi yao kwa bei ya soda. Wote hao waliumizwa kwa sababu walishika chuma chenye maandishi wasiyoweza kuyasoma. Leo nataka tujifunze kuyasoma.

Nianze na wahunzi wetu. Kwa Wadatoga uhunzi ni kazi ya ukoo wa Gidang'odiga. Mhunzi huyeyusha kufuli bovu au bomba la zamani la shaba, mvukuto wa ngozi ya mbuzi ukipuliza makaa, kisha anafua bangili na kuichora mistari. Bangili hiyo haina jina la mtu, wala haijawahi kuhitaji. Aliyeinunua anajua ilitoka kwa nani, na ikikatika mapema anajua njia ya kwenda kulalamika. Dhamana ya kazi ni uso wa fundi mwenyewe.

Sasa waza mji ambao mnunuzi hamjui fundi. London ya miaka ya 1300 ilikuwa imeshafika huko. Fedha tupu ni laini mno, kwa hiyo sonara lazima aichanganye na shaba kidogo ili chombo kipate nguvu. Tatizo liko kwenye hicho kidogo. Akizidisha shaba, jicho haliwezi kuona, na faida inaingia mfukoni mwake. Mwaka 1300, enzi za mfalme Edward wa Kwanza, sheria iliamuru kwamba chombo cha fedha kisipungue kiwango cha sarafu ya mfalme, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, na kisitoke mikononi mwa sonara kabla hakijapimwa na kugongwa kichwa cha chui. Mwaka 1363 ikaongezwa amri nyingine: kila fundi mkuu awe na alama yake mwenyewe. Hapo ndipo chapa ya fundi ilipozaliwa. Mwanzoni zilikuwa picha, kama ndege, samaki au nyota, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Herufi zilikuja kushika nafasi baadaye.

Mwaka 1478 Chama cha Masonara wa London kilianza kuwa na mpimaji wa kudumu katika jumba lake, na ikaanza kutumika herufi ya mwaka. Mwaka 1544 akaongezwa simba anayetembea, mguu wake mmoja wa mbele umeinuliwa. Mpaka leo simba huyo kwenye chombo cha Kiingereza ana maana moja tu: fedha hii imepimwa, na ni 925.

Kwa hiyo kwenye kijiko cha Kiingereza kila alama inajibu swali lake. Simba anasema ni fedha ya kiwango gani. Alama ya mji inasema imepimwa wapi: chui ni London, nanga ni Birmingham, taji lilikuwa Sheffield, ngome ni Edinburgh, kinubi ni Dublin. Birmingham na Sheffield walipata ofisi zao za kupimia mwaka 1773, baada ya Matthew Boulton, mwenye kiwanda wa Birmingham, kuchoka kusafirisha vyombo hadi mji wa Chester vikapimwe na kurudishiwa vikiwa vimekwaruzika na kubonyea. Herufi peke yake ndani ya ngao inasema mwaka. Halafu kuna herufi mbili au zaidi za jina la aliyepeleka chombo kupimwa. Kati ya mwaka 1784 na 1890 kuna pia kichwa cha mfalme au malkia, ambacho ni stakabadhi ya ushuru tu. Wengi hudhani kichwa hicho kinaonyesha kwamba chombo kilitoka ikulu. Hapana, kinaonyesha kwamba kodi imelipwa.

Tuchukue mfano mmoja tuusome pamoja, taratibu. Tuseme una kijiko mkononi. Kigeuze, utazame mgongo wa mpini. Karibu na ncha ya juu unaona mstari wa alama: HB kwa mwandiko wa mkono uliopinda, simba, kichwa cha chui chenye taji, herufi ndogo m, na kichwa cha mtu. Usianze na HB. Wanaoanza na herufi za jina hupotea, kwa maana katika miaka mia tatu walikuwapo watu wengi wenye herufi zinazofanana. Anza na simba: ni fedha ya 925. Chui: ni London. Chui ana taji: basi ni kabla ya mwaka 1821, maana mwaka huo London walimvua. Kichwa cha mfalme: ni baada ya 1784. Tayari umebaki na miaka chini ya arobaini. London walitumia herufi 20 tu kwa kila mzunguko, kutoka A hadi U bila J, kisha wakaanza upya kwa mwandiko mwingine na mara nyingi ngao ya umbo jingine. Herufi ndogo a ilianza mwaka 1776. Hesabu: b 1777, c 1778, endelea hivyo, ukikumbuka kuruka j, na m itakuwa 1787. Herufi ilibadilishwa mwezi Mei, kwa hiyo kijiko kilipimwa kati ya Mei 1787 na Mei 1788.

Sasa ndipo unarudi kwa HB. Huyo ni Hester Bateman, mjane. Mumewe John, fundi wa mikufu, alifariki mwaka 1760, na mwaka uliofuata mama huyu akasajili chapa yake mwenyewe katika jumba la masonara. Karakana yake ya Bunhill Row ilitoa vijiko, vyungu vya chai na vyombo vya kanisa kwa maelfu, na alipostaafu mwaka 1790 waliendelea wanawe, mkwewe na mjukuu wake, wakisajili PB na AB, kisha PB, AB na WB. Nawaomba akina mama walishike jina hilo. Zama hizo mwanamke alikuwa hana kura na mali yake ilikuwa chini ya mume, lakini chapa yake iligongwa kando ya simba wa serikali na sheria iliiheshimu sawa na ya mwanamume. Hata hivyo HB haisemi kwamba Hester alikifua kijiko hicho kwa nyundo yake. Inasema kwamba yeye ndiye anayewajibika nacho. Karakana ilikuwa na wafanyakazi wengi, na yawezekana mikono iliyokifua haikuandikwa popote. Wafanyabiashara wenye maduka makubwa walikuwa pia na desturi ya kugonga chapa yao juu ya chapa ya fundi aliyewauzia, hadi ya chini ikafutika nusu. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia utaona mkia wa herufi ya zamani ukichungulia chini ya mpya.

Palipo na dhamana wezi hawakosekani. Mwaka 1720 serikali iliweka ushuru wa peni 6 kwa kila wakia ya fedha. Baadhi ya masonara wakubwa wakabuni njia ya kuukwepa. Walipeleka kupimwa kitu kidogo chepesi, kikagongwa alama zote, ushuru ukalipwa kwa uzito huo mdogo, kisha wakakata kile kipande chenye alama na kukichomelea chini ya birika kubwa. Paul de Lamerie, ambaye wengi wanamhesabu kuwa sonara hodari kuliko wote waliofanya kazi Uingereza katika karne ya 18, naye alifanya hivyo. Kuna namna rahisi ya kuwashika mpaka leo: pumulia juu ya alama kama unavyopumulia miwani. Mvuke unapoondoka, mstari wa kiungo hujitokeza kwa sekunde chache kuzunguka kile kipande.

Waghushi wengine hutengeneza chombo kizima kwa kumimina fedha katika kalibu iliyotokana na chombo halisi, alama zake zikiwemo. Hapo tazama kingo. Alama ya kweli imegongwa kwa chuma kigumu, kingo zake ni kali na sakafu yake ni safi. Ile ya kumiminwa ina kingo zilizolegea na vitobo vidogo vidogo. Tena, alama ziligongwa kwa mkono, kwa hiyo vijiko viwili vya seti moja havikosi kutofautiana kidogo: hapa simba ameinama, pale herufi imesogea. Ukikuta vijiko sita ambavyo alama zimekaa sawasawa kabisa, wasiwasi uanze. Uingereza haikulichukulia jambo hili kwa mzaha. Katikati ya karne ya 18 kughushi alama ilikuwa kosa la kunyongwa, na baadaye adhabu ikapunguzwa kuwa kupelekwa uhamishoni ng'ambo.

Lakini kwetu udanganyifu wa kawaida una sura nyingine. Vyombo vingi vya rangi ya fedha vilivyoachwa Afrika Mashariki na wakoloni, katika klabu zao, majumba ya mabwana shauri, hoteli na mabehewa ya reli ya kulia chakula, si fedha. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, uliopakwa utando mwembamba wa fedha kwa umeme, ufundi ambao kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipata hataza yake mwaka 1840. Chombo cha namna hiyo huandikwa EPNS. Viwanda vyake vilikuwa na tabia ya kuzigonga herufi hizo kila moja katika ngao yake, zikapangwa mstari, ili mtu wa mbali adhani ni zile alama za kupimwa. Walker & Hall wa Sheffield walitumia kibendera chenye W&H ndani. Ni kazi nzuri, imara, na mimi sioni aibu yoyote kula nayo. Ila haina simba. Mtu akikuletea uma wa EPNS akautaja kuwa fedha ya malkia, mgeuzie mgongo wa mpini umsomee. Na sumaku isikudanganye: fedha haivutwi, lakini shaba nayo haivutwi, wala mchanganyiko huu.

Huku kwetu zimepita pia serikali na misheni za mataifa mengine, kila moja na alama zake. Wajerumani waliokaa Mbulu kabla ya 1916 walitoka katika nchi ambayo tangu mwaka 1888 ilitumia mwezi mwandamo na taji, pamoja na tarakimu ya kiwango, mara nyingi 800. Wanorwei waliofungua hospitali ya Haydom mwaka 1955 walitoka kwenye kiwango cha 830, na kijiko cha kwao huandikwa 830S. Tarakimu hizo zinasomeka na mtoto wa darasa la pili. Waingereza peke yao ndio waliotuachia wanyama.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika. Wengi wenu mmewahi kuiona shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki, kichwa cha mfalme upande mmoja, na upande wa pili simba amesimama mbele ya milima. Zipo zilizotobolewa zikavaliwa shingoni, zipo zilizowekwa kwenye sanduku la bibi pamoja na shanga. Watu huzihifadhi kwa imani kwamba ni fedha kwa sababu zina simba. Tuitazame historia yake.

Kabla yake pesa ya huku ilikuwa rupia. Rupia ya Kihindi, na ile ya Mjerumani iliyofuata kiwango hicho hicho, ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na katika sehemu 1,000 sehemu 917 zilikuwa fedha. Ndani ya rupia moja, basi, kulikuwa na fedha halisi ya gramu 10.7 hivi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya fedha duniani ilipanda sana. Mwaka 1920 Uingereza ilishusha sarafu zake yenyewe kutoka 925 hadi 500. Mwaka huo huo Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwishoni mwa 1919, ilitoa florini ya 500 ichukue nafasi ya rupia. Florini haikudumu. Mwaka 1921 ikaja shilingi, mbili kwa florini moja, na Tanganyika nayo ikaingizwa humo. Shilingi hiyo ilikuwa na uzito wa gramu 7.78 na kiwango cha 250. Sehemu 250 fedha, nyingine zote madini ya bei ya chini.

Pigeni hesabu wenyewe. Mtu wa Kenya aliyekuwa na rupia moja alihesabiwa shilingi mbili. Aliingia na gramu 10.7 za fedha, akatoka na gramu 3.9. Simba wa shilingi hakusema neno juu ya jambo hilo, kwa sababu hakuwekwa pale kushuhudia kiwango. Ni pambo la dola. Sarafu hazikupelekwa mbele ya mpimaji wa masonara kama kijiko, na hakuna tarakimu yoyote juu yake inayotaja 250. Ilisemwa kwenye sheria, mbali na macho ya aliyelipwa kwayo. Ukiipata shilingi iliyotumika sana utaona ukweli wenyewe: kwenye shavu la mfalme na mgongo wa simba, pale palipolika, wekundu wa shaba umetokeza. Na zile zenye tarehe ya 1948 na kuendelea hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli.

Mimi jambo hili linaniuma. Katika dola ile ile, chini ya mfalme yule yule, sonara aliyeuza kijiko chenye simba na kiwango cha 900 angefikishwa mahakamani. Mkulima wa Mbulu aliuza mbuzi wake akapewa simba wa 250, na sarafu hiyo ndiyo iliyotakiwa kwake wakati wa kodi. Simpigii mtu kelele leo kwa yaliyofanywa miaka mia iliyopita. Nataka tu tujue kwamba mnyama yule yule anaweza kuwa ahadi kwa mmoja na picha kwa mwingine, ikitegemea nani aliyepewa haki ya kupima.

Shilingi hiyo ina alama nyingine ndogo, na hiyo inafaa kuijua. Baadhi zina herufi H. Hiyo ni karakana ya Heaton huko Birmingham, kampuni binafsi iliyokuwa ikitengeneza sarafu za nchi nyingi. KN kwenye senti zile zenye tundu ni Kings Norton, ya huko huko. I ni Bombay. SA ni Pretoria, za miaka ya 1940, vita vilipofanya njia ya bahari kutoka Uingereza kuwa ya hatari. Kwa hiyo shilingi yako ina chapa ya fundi, kama kijiko cha Hester. Kinachokosekana ni mpimaji.

Kwa mambo ya alama, riale ya pwani imekwenda mbali zaidi. Hiyo ni sarafu ya Maria Theresa, malkia wa Austria, iliyotumika Zanzibar, Uhabeshi na Arabuni, na masonara wa pande zote hizo waliiyeyusha kutengeneza vikuku na mikufu. Maria Theresa alifariki mwaka 1780, na riale zilizotengenezwa baada yake ziliendelea kuandikwa 1780, na herufi S.F. za maofisa wawili wa karakana ya Günzburg zikaendelea kuwekwa chini ya picha yake hata walipokuwa kaburini. Sababu ni kwamba wenye kupokea riale walikataa nyingine yoyote. Zilitengenezwa Vienna, Rome, Bombay, na kuanzia mwaka 1936 zilitengenezwa London kwenyewe, katika karakana ya mfalme, zikiwa na tarehe ya 1780 na herufi za marehemu wa nchi nyingine. Kwa kipimo cha kijiko, hapo karibu kila alama ni uongo. Ila kiwango chake, 833, kilitunzwa, na mikono ya watu iliyozoea kuipima haikudanganyika. Wajuzi huzitofautisha kwa kuhesabu lulu za bizimu begani mwa malkia na kutazama manyoya ya mkia wa tai.

Kuhusu rupia za Mjerumani nitasema machache. A ni Berlin, J ni Hamburg. T ni Tabora, ambako mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na vita, karakana ya reli iligeuzwa kuwa ya sarafu, ikatoa sarafu ndogo za shaba, na pia rupia 15 za dhahabu zenye tembo mbele ya mlima, zaidi ya 16,000. Hiyo ya tembo ina thamani kweli kwa wakusanyaji. Hizo nyingine zina thamani yake ya kawaida. Hakuna rupia inayovuta radi, hakuna yenye zebaki ya ajabu ndani, na anayekudai pesa ya kuisafisha ni tapeli.

Kama una chombo cha zamani nyumbani, usikisugue kwa mchanga na majivu kama sufuria. Alama zina kina kidogo, na kila msuguo unaondoa sehemu ya jina la mtu. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikaushe kwa kitambaa laini, mpe kijana mwenye simu apige picha alama kwa karibu, mwanga ukitoka ubavuni. Picha hiyo ndiyo ya kupelekwa kwa mnunuzi. Chombo kibaki kwako.

Namalizia na nyinyi mafundi wa shaba. Bangili zenu siku hizi haziishii kwa majirani. Zinanunuliwa na wageni Eyasi na Arusha, zinavuka bahari, na huko hakuna anayejua zimetoka kwenye mvukuto wa nani. Yule mnunuzi asiyemjua fundi, wa London ya 1363, sasa amefika kwenu. Chapa si kitu kigumu kwa mtu anayejua kufua ncha ya mshale: ni kijiti cha chuma kigumu kilichochongwa alama mwishoni, na pigo moja la nyundo upande wa ndani wa bangili, ambako hakuna mchoro. Alama yaweza kuwa herufi, yaweza kuwa mistari mitatu na nukta.

Lakini iandikeni. Katika jumba la masonara wa London liko bamba la shaba ambalo mafundi wa miaka ya 1675 hadi 1697 waligonga chapa zao juu yake, mamia ya chapa, zinazosomeka hadi leo. Daftari la majina yaliyokwenda nalo halipo tena. Nanyi bamba mnalo, shaba haijawahi kuwapungukia. Anayetakiwa ni mwenye daftari, na mwalimu mkuu aliyekaa hapa mbele ana mwandiko mzuri.